Sura ya Saba: Nani Atundike Kibao?

Ngazi ya ujenzi mjini Kilwa hutengenezwa asubuhi ileile inapohitajika. Ukuta wa matofali umefika usawa wa kifua cha mwashi, kesho yake umempita kichwa, na hapo kapita, yaani msimamizi wa vibarua, humtuma kijana akalete miti miwili mirefu na vipande vya kukatiza. Misumari hutafutwa, mara nyingi ile iliyong'olewa kwenye mbao za zamani ikanyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe. Muda si mrefu ngazi imesimama. Hakuna aliyeipima, wala hakuna palipoandikwa kwamba ipo, lakini kuanzia saa hiyo itabeba kila mtu na kila ndoo ya udongo mpaka bati la mwisho lipigiliwe.

Kilwa hii ni ya ufukoni mwa Ziwa Mweru, katika eneo la Pweto, Katanga, nchini Kongo, kilomita 350 hivi kaskazini mwa Lubumbashi. Haihusiani na Kilwa Kisiwani ya Tanzania na magofu yake ya mawe. Dunia ya nje imelisikia jina lake kwa ajili ya shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi, na kwa ajili ya mauaji ya raia ya Oktoba 2004. Sura hii inahusu jambo ambalo halijawahi kuwaleta waandishi wa habari huko: namna watu wanavyopanda ukuta kujenga nyumba, shule na makanisa, na nani mwenye haki ya kusema kwamba leo hapapandwi.

Nyumba nyingi za Kilwa hazina ghorofa, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Kuanguka huonekana ni ajali ya mjini, ya majengo marefu. Lakini mtu anayeanguka kutoka mita 3, kimo cha kawaida cha ukuta unaosubiri paa, hufika chini kabla ya sekunde moja kwisha, naye hugonga ardhi kwa mwendo wa kilomita 27 kwa saa. Ni mwendo wa pikipiki kwenye barabara ya vumbi, na aliyeanguka hana breki wala muda wa kugeuka. Akitangulia kichwa au mgongo, mita 3 zinatosha kuua. Uingereza na Marekani, ambako ajali za kazini huhesabiwa kila mwaka, kuanguka ndiko kunakoongoza kwa kuua watu katika kazi ya ujenzi. Nchi hizo zina ngazi za kiwandani na wakaguzi wengi. Kilwa ina ile miti miwili.

Sikiliza mazungumzo ambayo kila aliyefanya kazi ya ujenzi Katanga ameyasikia kwa namna moja au nyingine. Kijana anasema, "Papa, ngazi inateleza." Kapita anajibu, "Panda, mwanangu, jana ilitubeba wote." Kapita hasemi uongo. Jana iliwabeba kweli. Ila jana si ushahidi, na inafaa kueleza kwa nini, maana hapa ndipo penye hesabu ambayo ingeokoa watu wengi kuliko kofia zote za plastiki.

Tuseme ngazi imeegemea ukuta kwenye kimo cha mita 4, na mguu wake uko mita 1 kutoka ukutani. Mtu wa kilo 70 akifika karibu na kilele, uzito wake haukandamizi ardhi tu. Unausukuma pia mguu wa ngazi uteleze kwenda nje, na ukiuacha uzito wa ngazi yenyewe, nguvu ya msukumo huo ni sawa na kilo 17 na nusu. Uvute mguu hadi mita 2 kutoka ukutani, nguvu inakuwa kilo 35. Uvute hadi mita 3, inapita kilo 52. Kinachoizuia ngazi isiondoke ni msuguano wa mti na ardhi peke yake, na ardhi ya Kilwa karibu na ziwa ni mchanga, au ni tope mvua ikinyesha. Ndiyo maana waashi wa nchi nyingi wamefuata kipimo kimoja: kwa kila mita nne za kimo, mguu ukae mita moja kutoka ukutani.

Jambo la pili katika hesabu hiyo halifahamiki sana, na kwangu ndilo kubwa. Msukumo huo hukua kadiri mtu anavyopanda. Kwenye kipandio cha kwanza ni mdogo mno, katikati ni nusu, kileleni ni wote. Kwa hiyo ngazi iliyowekwa vibaya haimwonyi mtu akiwa chini, ambako angeweza kuruka bila kuumia. Humpokea vizuri, humpandisha vizuri, kisha humwacha akiwa juu kabisa. Yule anayeijaribu kwa kukanyaga kipandio cha kwanza na kujirushajirusha mara mbili amejaribu vipandio na misumari, hajajaribu kuteleza. Na jana, kijana mwepesi alipopanda bila mzigo, ardhi ilikuwa kavu.

Dawa ya kuteleza huko si ghali. Ngazi ifungwe juu kwa kamba au waya kwenye kitu kisichotikisika, wala si kwenye tofali lililojengwa asubuhi. Mguu ukae juu ya ardhi ngumu, au ufukiwe kidogo, au uzuiwe kwa kigingi. Kilele kipite mahali pa kushukia kwa mita moja, ili mtu anayeivuka ngazi kwenda jukwaani, au anayerudi, awe na cha kushika. Sharti hili la mwisho huvunjwa sana kwa sababu miti mirefu ni ya kutafutwa mbali. Matokeo yake mtu anayeshuka hulazimika kupiga magoti ukingoni na kupapasa kwa mguu, akitafuta kipandio asichokiona. Ukitaka kujua kama mlalo wa ngazi ni sawa na huna chochote cha kupimia, simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipandio bila wewe kuinama wala kujivuta nyuma, imekaa vizuri.

Kuna na mti wenyewe. Mti mbichi ni laini kupigilia, kwa hiyo hupendwa; lakini ukikauka husinyaa, na msumari ulioingia kwa nguvu wiki iliyopita huanza kucheza ndani ya tundu lake. Kipandio kilichobandikwa mbele ya miti na kushikwa na msumari mmoja kila upande kinamfanya mtu asimame juu ya misumari miwili. Fundi mwangalifu huchonga kipengee kidogo kwenye mti wa ubavuni, kipandio kikalie mti, na msumari uzuie kisichomoke tu. Asiyetaka kuuchonga mti hupigilia vipande vya mbao kati ya kipandio na kipandio, cha juu kikilala juu ya kipande cha chini yake. Waya ukizungushwa hapo, umepata ngazi ya kukaa msimu mzima. Na isipakwe rangi. Rangi huficha nyufa, na ngazi ya mti yenye ufa uliofichwa ni mbaya kuliko ile isiyopendeza machoni.

Mizigo nayo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 begani humwongezea mpandaji uzito kwa zaidi ya theluthi mbili, na humnyang'anya mkono mmoja. Kapi na kamba vilivyofungwa kwenye boriti hupandisha mzigo huohuo bila mtu kuhatarisha shingo yake. Hapa sina la kuongeza. Kila fundi analijua hili, na kinachokosekana ni kapi.

Sasa vibao. Miradi ya fedha za serikali au za wafadhili huwa na kibao kikubwa langoni, chenye jina la mradi, la mfadhili na la mkandarasi. Pembeni yake hutundikwa vingine vidogo kwa Kifaransa: "Chantier interdit au public", yaani wasiohusika wasiingie, na "Port du casque obligatoire", yaani kofia ngumu ni lazima. Katiba ya Kongo ya Februari 2006 imekitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Hakuna sheria ninayoweza kuifikiria ambayo ingemzuia mkandarasi kuandika onyo kwa Kiswahili, pamoja na Kibemba kinachosikika sana ng'ambo zote mbili za ziwa. Kibao cha Kifaransa hutundikwa kwa sababu msomaji wake anayetarajiwa ni mkaguzi, au mgeni anayepiga picha za ripoti. Kibarua anayepita chini yake akiwa na karai kichwani hakuwamo katika mawazo ya aliyekiagiza.

Wapo wanaosema picha zitamaliza tatizo la lugha. Shirika la viwango la kimataifa lilitoa mwaka 2003 mkusanyo wa alama za usalama uitwao ISO 7010, na maumbo yake sasa yanaonekana duniani kote: duara jekundu lenye mstari wa mshazari hukataza, pembetatu ya njano hutahadharisha, duara la buluu hulazimisha, mraba wa kijani huonyesha njia ya kujiokoa. Ni kazi nzuri. Lakini pembetatu ya njano haimwambii chochote mtu ambaye hajawahi kuelezwa maana ya pembetatu ya njano. Alama hizo hufundishwa kama herufi zinavyofundishwa, na kampuni inayozitundika bila kuzifundisha imepamba ukuta.

Katanga, kati ya mahali pote, inajua jinsi picha inavyoweza kusomwa na kila mtu. Katika miaka ya 1970 nyumba za wafanyakazi wa Lubumbashi na miji ya migodi zilikuwa na michoro iliyonunuliwa kwa wachoraji wa mtaani: mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, na ile iliyoitwa "Colonie belge", mfungwa akichapwa fimbo huku ofisa Mbelgiji akisimamia. Mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi katika michoro 101 kati ya 1973 na 1974, na kumweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila mmoja kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian aliichapisha kuwa kitabu mwaka 1996. Wanunuzi wa michoro ya mtaani waliitundika sebuleni kwa sababu iliwahusu: waliuona ndani yake mwili ulioumia, na waliona nani ameshika fimbo.

Kazi ya kuchora maneno na picha pamoja haijafa. Kila mji wa Katanga una mtu anayechora kinyozi, duka la dawa na mkahawa ukutani kwa rangi ya mafuta. Mtu huyo ndiye ningemwita kabla ya kuagiza vibao vya plastiki kutoka Lubumbashi. Ningemwomba achore ngazi ya hapahapa, ya miti, wala si ya aluminiamu, ikiwa imefungwa juu, na mtu anayepanda akiwa ameikabili, mikono yote miwili mitupu. Chini yake maneno machache: "Kwanza funga, ndipo upande." Kibao hicho kiwekwe mguuni pa ngazi, usawa wa macho, kwa sababu langoni mtu anawaza ujira wake wa siku, na mguuni pa ngazi anawaza ngazi.

Hata hivyo kibao kizuri kuliko vyote huacha kuonekana. Wiki ya kwanza watu hukitazama, wiki ya pili hukipita, mwezi wa pili kimekuwa sehemu ya ukuta. Macho ya binadamu huacha kuona kisichobadilika. Ndiyo maana katika ujenzi wa kampuni kubwa, kwenye majukwaa na ngazi, imeenea desturi ya kadi: ya kijani ikiwa na tarehe na jina la aliyekagua, ya nyekundu ikiwa ngazi imekataliwa. Pasipo kadi yoyote, hapapandwi. Kadi ina nguvu ambayo kibao hakina, kwa kuwa jana ilikuwa ya kijani na leo huenda si ya kijani, na mpandaji analazimika kuitazama. Kilwa haihitaji kadi za plastiki. Vitambaa viwili vinatosha, kimoja cha kijani na kimoja chekundu, kimojawapo kifungwe kwenye kipandio cha usawa wa macho kila asubuhi na kila baada ya mvua. Mvua huanza kushika mwezi wa kumi na moja, na Oktoba ni mwezi wa haraka: kila mwenye nyumba anataka paa kabla ya wingu la kwanza, na haraka hiyo huishia miguuni pa kijana aliye juu ya ngazi.

Swali linalobaki ndilo lililonifanya niandike sura hii: nani afunge kitambaa chekundu? Vitabu vingi vya usalama hujibu kwamba ni mtu mwenye ujuzi aliyeteuliwa na mwajiri. Jibu hilo linafaa pale ambapo mwajiri amemteua mtu. Mjini Kilwa mwenye ujuzi na mwenye haraka ni mtu mmoja, naye ni kapita. Kitambaa kikiwa mikononi mwake peke yake kitakuwa cha kijani kila siku. Simlaumu, ameahidi paa, na ahadi yake ndiyo chakula chake. Lakini onyo linalotolewa tu na yule anayenufaika na kazi kuendelea litachelewa siku zote.

Kwenye migodi ya kisasa tatizo hili lilikwisha kufikiriwa. Fundi anayeingia ndani ya mashine kuitengeneza hufunga swichi yake kwa kufuli lake binafsi, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Wakiingia mafundi watano, kufuli ni tano. Mkurugenzi wa mgodi mwenyewe hana ruhusa ya kuiwasha mashine huku kufuli la fundi mdogo kuliko wote likining'inia pale. Utaratibu huo umemtambua anayejua kuliko wote kwamba mtu yumo ndani: ni mtu mwenyewe aliyemo. Vivyo hivyo anayejua kwamba kipandio cha sita kimelegea ni yule aliyekikanyaga. Kitambaa chekundu kinamstahili yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na kikishafungwa kisifunguliwe mpaka ngazi irekebishwe mbele yake.

Haya si mawazo ya mtu mwenye moyo laini. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, uliotungwa kwa ajili ya ujenzi, unataka katika kifungu cha 14 wafanyakazi wapewe ngazi zinazofaa na imara, zilizozuiwa zisisogee. Kifungu cha 12 kinampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, na kinamtaka amwarifu msimamizi wake mara moja. Juni 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa kanuni na haki za msingi, kwa hiyo kila nchi mwanachama, Kongo ikiwemo, inapaswa kuheshimu kanuni hizo hata pale ambapo haijaridhia mikataba yenyewe.

Najua ni wapi haki hii hukwama. Nje ya ua wa ujenzi wamesimama vijana wengine wanaosubiri kuitwa. Aliyekataa kupanda leo atajibiwa kwa ukimya, na kesho jina lake halitaitwa. Na akianguka, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, CNSS, huhesabu ajali za kazini miongoni mwa yale inayoyalipa, ila mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote hana karatasi ya kuanzia kudai. Kwa kibarua, haki ya kukataa inaanzia kwenye daftari.

Sheria ya kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002 ina kifungu kinachogusa jambo hili moja kwa moja, nami ningependa kila kibarua wa Kilwa akijue kwa namba yake. Ni kifungu cha 40. Mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na ukomo. Ujenzi wa shule yenye vyumba kadhaa hupita siku 22 kwa urahisi. Siku zikiandikwa na kutiwa sahihi jioni, kibarua aliyeanza kwa kuitwa langoni hugeuka mfanyakazi, na mfanyakazi hafukuzwi kwa kuwa alifunga kitambaa. Zisipoandikwa, kila asubuhi yeye ni mgeni.

Kwa hiyo wanaojenga Kilwa kwa fedha zinazotolewa hesabu, yaani parokia, shule, vituo vya afya, wafanyabiashara wa samaki wanaoinua nyumba za wageni, wana jambo moja wanaloweza kulifanya bila kumsubiri mkaguzi. Katika makubaliano yao na kapita waongeze ibara hii, na isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kibemba, siku ya kwanza kabla sepetu hazijagawanywa: "Mfanyakazi yeyote akifunga kitambaa chekundu kwenye ngazi, kazi ya juu inasimama mpaka ngazi itengenezwe na yeye aikubali. Siku hiyo yeye na wenzake wanalipwa ujira wote, na anayelipa ni mwenye nyumba, si kapita."

Maneno ya mwisho ya ibara hiyo yasisahauliwe. Kapita akikatwa ujira kwa ajili ya kitambaa, atatafuta njia ya kukiondoa. Mwenye nyumba akilipa, kapita ataleta waya wa kufungia ngazi siku ya kwanza, naye ndiye atakayekuwa mkali kuliko wote kuhusu miti mibichi.